SIKIO NI MLANGO TU, MWENYE NYUMBA NI BONGO

 

Leo tuanze na ule ubishi usiokwisha vijiweni. Mchukue mbwa wa jirani, tumwite Simba kama nusu ya mbwa wa uswahilini wanavyoitwa. Msogelee pole pole, mchekee, kisha kwa sauti tamu ya kubembeleza mwambie: "Simba baba, wewe ni mbwa mpumbavu, hujapata kutokea, na leo hakuna chakula." Je, atatingisha mkia au atanuna? Kambi ya kwanza itakwambia atatingisha tu, maana mbwa hajui maneno, anafuata sauti. Kambi ya pili ina ushahidi wa mbwa wa shemeji yao fulani ambaye ukitaja neno "nyama", hata kwa kunong'ona, tayari yuko mlangoni. Watabishana mpaka kahawa ipoe, na muuza kahawa mwenyewe aingie kwenye ubishi.

Bahati nzuri wapo watu wanaolipwa mshahara kuuliza swali hilo hilo. Ni wataalamu wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, mjini Budapest, Hungaria, wakiongozwa na jamaa mmoja aitwaye Attila Andics. Wao waliwafundisha mbwa kulala kimya ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga kelele kama mashine ya kusaga mahindi, bila kufungwa kamba wala kuchomwa sindano ya usingizi. Mbwa kavalishwa hedifoni, kalaza kidevu, katulia tuli kuliko abiria wengi ninaowajua. Akichoka, ruksa kutoka.

Mwaka 2016 walitoa matokeo ya mbwa 13. Kila mbwa alisikilizishwa sauti ya mkufunzi wake. Mara maneno ya sifa, kama vile "hodari" na "safi sana", mara maneno ambayo kwa mbwa hayana kichwa wala miguu, mfano "hata hivyo". Na kila neno lilisemwa kwa namna mbili, sauti ya kusifu na sauti kavu. Unajua walichokiona? Bongo ya mbwa inayachambua maneno kivyake na mlio wa sauti kivyake. Kisha sehemu ile ya ubongo inayohusika na raha, ile inayochangamka akipewa chakula, ilichangamka pale tu neno la sifa liliposemwa kwa sauti ya sifa. Neno tamu kwa sauti kavu, hakuna kitu. Sauti tamu na "hata hivyo", hakuna kitu.

Kwa hiyo kambi zote mbili pale kijiweni zilikuwa na nusu ya haki. Simba anaweza kukutingishia mkia kwa adabu, lakini raha kamili moyoni huipati kwa njia hiyo. (Na wale kaka zetu wanaosema "umependeza mke wangu" huku macho yako kwenye mpira, habari ndiyo hiyo. Kama mbwa hadanganyiki, sembuse mama watoto.)

Sasa swali linakuja: kazi hiyo inafanyika wapi? Wengi tunadhani inafanyika sikioni. Wapi bwana! Sikio ni mlango tu. Sauti ikiingia inagonga kiwambo, kiwambo kinatikisa vifupa vitatu vidogo vinavyoitwa nyundo, fuawe na kikuku, navyo vinasukuma maji ndani ya mrija uliojikunja kama nyumba ya konokono. Humo ndani kuna seli zenye vinyweleo, zimejipanga kama vibao vya kinanda: sauti nyembamba zinashtua seli za karibu na mlango, sauti nzito zinashtua za mwisho kabisa. Kutoka hapo habari inapanda kwa neva, inapita vituo kadhaa vya chini ya ubongo, kimojawapo kikiwa na kazi ya kulinganisha sikio la kulia na la kushoto lipi limewahi. Tofauti yenyewe haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ndiyo inayokufanya ugeuke upande sahihi unapoitwa.

Mwisho wa safari ni tabaka la juu la ubongo, pembeni mwa kichwa, juu kidogo ya sikio. Wataalamu wanapaita gamba la kusikia. Unalo wewe, analo paka, analo panya anayekula unga wako usiku. Mwaka 1942 Wamarekani wawili, Clinton Woolsey na Edward Walzl, walilichora ramani kwa paka: wakishtua kwa umeme ncha moja ya ule mrija wa sikio, sehemu moja ya gamba inaitika, wakienda ncha ya pili inaitika sehemu nyingine, kwa mpangilio ule ule. Kwa maneno mengine, kinanda cha sikioni kimechorwa upya juu ya ubongo.

Lakini kabla ya kufika huko watu walitoana jasho. Twende London, Agosti 1881, kwenye Mkutano wa Kimataifa wa Madaktari. Upande mmoja yupo Friedrich Goltz, kutoka Strasbourg, anayeshikilia kwamba ubongo haujagawanywa vyumba vyumba, kila kazi na chumba chake. Amekuja na mbwa wake aliyekatwa sehemu kubwa ya ubongo, na mbwa huyo anatembea, anaona, anasikia. Upande wa pili yupo Mskochi David Ferrier, anayesema vyumba vipo, na amekuja na nyani wawili wadogo. Wa kwanza aliondolewa sehemu ya kuongoza mwili, akawa anaburuta upande mmoja kama mtu aliyepooza. Daktari maarufu wa Kifaransa, Charcot, alimwona akashangaa jinsi alivyofanana na wagonjwa wake.

Wa pili aliondolewa pande zote mbili za ubongo zilizo juu ya masikio. Mbele ya ukumbi mzima ikapigwa fataki ya bunduki. Paa! Yule aliyepooza akaruka. Huyu wa pili, kimya. Hakupepesa.

Ukumbi ukaondoka ukiamini Ferrier kashinda. Miezi mitatu baadaye, Novemba, wapinzani wa kukata wanyama walimfikisha mahakamani kwa kosa la kufanya upasuaji huo bila kibali. Kesi ikafutwa ilipobainika kuwa aliyeshika kisu ni mwenzake, ambaye kibali anacho. Mimi nikisoma habari hii huwa nagawanyika. Hao nyani hawakuulizwa. Na bado mengi tunayoyajua leo kuhusu mtu aliyepigwa kiharusi akashindwa kuelewa anachoambiwa, yalianzia kwenye vyumba kama vile.

Tena habari haikuishia pale. Mwaka 1888 watafiti wengine walitangaza kwamba wao wamewakata nyani sehemu hiyo hiyo na nyani bado wanasikia. Ikawa vurugu. Nani mwongo? Ilichukua karibu miaka mia kupata jibu, na jibu lenyewe ni kwamba hakuna mwongo. Henry Heffner na Rickye Heffner, Wamarekani, waliwafuatilia nyani wa Kijapani kwa utulivu na wakaeleza mwaka 1986: ukiliondoa gamba la kusikia pande zote mbili, nyani anakuwa kiziwi kweli kweli mwanzoni, kisha usikivu unarudi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ingawa si wote. Kwa hiyo ukimpima mapema unapata jibu la Ferrier, ukichelewa unapata jibu la wapinzani wake.

Usikivu ukirudi, je, nyani amepona? Hapo ndipo patamu. Nyani hao wa Kijapani wana miito yao laini ya kuitana, na mwito huu na ule vinaachana kidogo tu, kama sisi tunavyotofautisha "kata" ya maji na "kata" ya nguo kwa jinsi mtu anavyoendeleza sentensi. Wawili hao walionyesha mwaka 1984 kwamba ukiondoa gamba la upande wa kushoto, nyani anachanganyikiwa na miito hiyo kwa muda, halafu anajifunza upya. La kulia peke yake, haathiriki. Yakiondoka yote mawili, basi tena. Sauti anaisikia, ndugu yake anaita, lakini kinachosemwa hakijui milele.

Na paka ni hivyo hivyo. Katika miaka ya 1950 Irving Diamond na William Neff walimfundisha paka kutofautisha vipande vya sauti vya chini-juu-chini na juu-chini-juu. Noti ni zile zile, kilichobadilika ni mpangilio. Paka mzima anafaulu. Paka asiye na gamba la kusikia bado anajua kwamba sauti imelia, na hata noti moja kugeuka nyingine anaitambua, lakini ule mpangilio umempotea. Mchukulie kama mtu anayesikia kila kinubi, kila ngoma na kila zumari kwenye taarab, ila wimbo haupo.

Sasa nikupeleke kwa bingwa. Huyu simwachii nafasi ndogo, maana kila nikimfikiria nachoka. Ni popo.

Popo mwenye masharubu wa Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi anaruka gizani akipiga kelele, kisha anasikiliza mwangwi. Kelele yake muhimu iko kwenye mitetemo kama 61,000 kwa sekunde, wakati sikio la binadamu, tena kijana mwenye afya, linakomea 20,000 hivi. Sasa tatizo ni moja. Anapomwendea mdudu kwa kasi, mwangwi unarudi ukiwa mwembamba zaidi, kama vile king'ora cha gari la zimamoto kinavyobadilika likikukaribia. Popo anafanyaje? Anateremsha sauti yake mwenyewe kiasi kile kile, ili mwangwi urudi pale pale anapopapenda. Mjapani Nobuo Suga, aliyefanya kazi miaka mingi St. Louis, Marekani, alifungua siri ya kwa nini. Aligundua kwamba katika gamba kuu la kusikia la popo huyo, kiasi cha asilimia 30 imetengwa kwa ajili ya kijisehemu hicho kimoja cha sauti. Ni kama redio yenye kitufe kizima kwa stesheni moja. Kijisehemu hicho ndicho kinachomwambia bawa la mdudu linapepea.

Si hilo tu. Mwaka 1979 Suga na William O'Neill walionyesha kwamba popo ana seli za ubongo zinazopima muda kati ya kelele na mwangwi wake. Hii inashtuka mwangwi ukirudi haraka, ile ukichelewa kidogo, ile nyingine ukichelewa zaidi, na zimepangwa kwa foleni. Kwa kuwa kila sehemu moja ya elfu ya sekunde ni sawa na sentimita 17 za umbali, foleni hiyo ni rula. Inaanzia sentimita 7 hivi na kwenda hadi mita 3. Jamani, mnyama kazaliwa na rula ya sauti kichwani! Na msidhani ni mambo ya ughaibuni tu: popo wenye pua kama kwato ya farasi, ambao huku Afrika Mashariki tunao, nao hushusha sauti kwa mbinu hiyo hiyo ya kuuwahi mwangwi. Usiku ukikaa barazani, kuna makelele matupu juu ya kichwa chako na wewe unasema "leo kumetulia".

Tutoke kwa popo tuingie labour. Kina mama wanajua hili: baba anakoroma, mtoto akilia kidogo tu chumba cha pili mama yuko macho. Baba asubuhi anauliza, "Kwani jana mtoto alilia?" Tunamwita mvivu. Kwa binadamu sitaingilia ndoa za watu, lakini kwa panya jambo hili limepimwa.

Kitoto cha panya kikianguka nje ya kiota hulia kwa sauti nyembamba ambayo sisi hatuisikii kabisa. Mama yake anakimbia, anakibeba kwa mdomo, anakirudisha. Panya jike ambaye hajazaa husikia pia, maana masikio ni yale yale, ila anapita zake. Mwaka 2015 Bianca Marlin, Robert Froemke na wenzao wa Chuo Kikuu cha New York walitangaza kwamba tofauti iko kwenye gamba la kusikia la upande wa kushoto. Kwa mama, seli za hapo zinaitikia kilio kwa wakati, kwa mpigo unaoeleweka. Kwa yule asiyezaa ni vurugu tupu. Walipompatia homoni ya oksitosini, ile ile inayomwagika mama anapojifungua na anaponyonyesha, na kumweka pamoja na mama mzoefu na watoto wake, seli zile zikaanza kujipanga, na yule ambaye hajawahi kuzaa akaanza kubeba watoto kuwarudisha kiotoni. Na walipolizima gamba la kushoto la mama mzazi kwa muda, kazi ya kurudisha watoto ikamshinda.

Kitu kilichonigusa mimi ni kwamba sikio halikubadilika hata chembe. Kilio ni kile kile. Kilichobadilika ni nani anakijali.

Haya, wajanja wa mjini, sasa tuongee lugha yenu. Yale masikio ya mlangoni nayo yana mwisho. Zile seli zenye vinyweleo kwa binadamu ni kama elfu 15 au 16 tu kwa kila sikio, na ikifa moja haioti nyingine. Kuku anatuzidi hapo. Mwaka 1988 watafiti waligundua kwamba kuku na kware wakiharibiwa seli hizo na kelele, huota mpya. Kuku! Yule unayemla na chipsi. Wewe ukiziua kwa muziki wa kwenye harusi, spika mita moja kutoka kichwani, ndiyo zimekwenda. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kwa ajili ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Kipimo chao ni rahisi: sauti ya desibeli 80 unaweza kuivumilia saa 40 kwa wiki, lakini ukipandisha hadi 90, saa zinashuka kuwa 4. Kwa wiki, si kwa siku. Daladala yenye muziki inaweza kukumalizia kibali chako chote kabla ya Jumatano.

Halafu sikia bongo inachofanya. Mwaka 1989 watafiti Donald Robertson na Dexter Irvine walionyesha kwa wanyama wanaoitwa pimbi wa Guinea kwamba kipande cha sikio kikiharibika, ile sehemu ya gamba iliyokuwa ikikihudumia haikai bure. Inahamia kwa jirani, inaanza kuitikia sauti za pembeni yake. Ubongo hauna chumba cha kukaa wazi, kama vile Kariakoo isivyo na fremu ya kukaa bila mpangaji.

Jambo hilo ndilo linalonitia wasiwasi kwa watoto. Paka weupe wenye macho ya buluu wengi huzaliwa viziwi, Darwin alikwisha kuliandika hilo mwaka 1859. Mwaka 2010 Stephen Lomber na wenzake walieleza kwamba paka hao viziwi wanaona vitu vya pembeni na vinavyotembea vizuri kuliko paka wengine, na wakionekana kuwa na bahati kumbe wanatumia gamba la kusikia kuonea! Lilipopozwa kwa ubaridi likazimika kwa muda, ujuzi wao wa ziada ukapotea. Mpangaji mpya keshaingia. Na majaribio mengine ya kuwawekea paka viziwi kifaa cha kusikia ndani ya sikio yalionyesha kwamba wakiwahiwa wadogo gamba linakomaa, wakicheleweshwa linaitikia kwa uvivu.

Kwa watoto wa binadamu ramani ni ile ile. Kipimo cha ubongo kilichotangazwa mwaka 2002 na Anu Sharma na wenzake kilionyesha kwamba mtoto aliyezaliwa kiziwi akiwekewa kifaa kabla ya miaka 3 na nusu, gamba lake huitikia kama la mtoto mwingine. Akivuka miaka 7, mara nyingi haliwahi tena. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa hivyo mwaka 2017, kabla ya hapo wazazi walilazimika kutafuta nauli ya nje. Lakini huku mitaani bado mtoto wa miaka miwili asiyeitika jina lake anaambiwa "mzito wa kusema kama babu yake, ataongea tu". Anaweza kweli akawa mzito wa kusema. Au anaweza akawa hajasikia neno hata moja tangu azaliwe, na kalenda inakimbia. Mtoto wa miezi sita huwa anageuka akisikia sauti nyuma yake. Kaa nyuma ya wako, asikuone, usikanyage sakafu kwa kishindo, mwite. Asipogeuka leo wala kesho, babu mwacheni apumzike, mtoto mpelekeni apimwe masikio wiki hii hii.

Mhariri ananikodolea macho, nafasi imekwisha. Wiki ijayo tunahamia puani.